Kufuli la Nyumba ya Mzee Saidi

Mimi na Zuena tumepakana ukuta. Ukuta wenyewe ni wa matofali mabichi, mwembamba, hata mtu akipiga chafya upande wa pili namwitikia "afya" nikiwa kitandani kwangu. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza sikuyaokota sokoni. Mengine niliyaona, mengine yalipenya ukutani, na yaliyobaki aliniambia mwenyewe akiwa ameketi kwenye kigoda changu, huku nikikaanga sambusa mbele ya mlango, hapa mtaa wetu wa Waswahili, Gitega.

Nyumba anayokaa ilijengwa na babu yake, Mzee Saidi, fundi cherehani aliyetoka Ujiji enzi za Wabelgiji, wakati mji huu ukiandikwa Kitega. Alikuwa na mke hapa, baadaye akaoa mwingine Muyinga, akawa anakwenda na kurudi kati ya wake wawili. Alifia huko Muyinga. Watoto wake wa hapa hawakugawana nyumba. Baba yake Zuena alibaki ndani, wenzake wakatawanyika, na kila mmoja aliondoka akijihesabu kuwa ana chumba chake Gitega.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo mgeni hulishangaa. Nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa haiguswi. Ukipigilia bati moja tu, ndugu wanasema umeanza kujimilikisha. Ukipaka chokaa, unaitiwa kikao. Zipo nyumba mtaani zimeanguka mpaka chini huku wenyewe wanazitazama, kila mmoja anaogopa kushika nyundo mbele ya mwenzake. Ni ujinga, nami nasema wazi kuwa ni ujinga, lakini ndivyo tunavyoishi.

Vita vilipoanza mwaka wa tisini na tatu, Zuena alikuwa msichana mbichi na posa zilikuwa zimeanza kubisha hodi. Ndugu zake wakakimbilia Kigoma. Baba yao alikuwa mgonjwa, hawezi safari, na ilibidi mtu abaki naye. Hussein, kaka yake mkubwa, alimwambia Zuena abaki yeye, watarudi kumchukua mambo yakitulia. Zuena hakusema ndiyo wala hapana. Aliinamisha kichwa, nao wakafunga mizigo. Baba akafa, ndugu hawakurudi, mabati yakaanza kutoboka. Sisi wengine miaka ile tulihama chumba hadi chumba tukikimbia risasi. Zuena alikimbia risasi na matone pia, akiburuta godoro na kutega mabeseni.

Amani iliporudi, Hussein naye alirudi, na mke, watoto na kitambi. Alipanga nyumba nzuri karibu na soko, akafungua duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki. Nilisema moyoni kwamba sasa Zuena atapumua. Wapi! Kazi ya kaka ilikuwa kupita Ijumaa baada ya sala, kuzunguka nyumba akikagua kama kuna bati jipya, kisha kwenda zake.

Ndipo akaja Uthmani. Ni mwanamume wa Muyinga aliyefiwa na mke, muuza vitenge, anayezunguka masoko ya Mutaho na Makebuko na kuishia hapa Gitega. Alianza kwa kununua sambusa zangu. Akawa anazila taratibu mno kwa mtu aliyetoka sokoni na njaa, macho yameganda kwenye mlango wa jirani. Mimi si mtoto. Nilimwita Zuena aje aniazime chumvi, ingawa chumvi nilikuwa nayo. Baada ya siku chache nikaanza kusikia ukutani mtu anaimba kwa sauti ndogo akifua. Alikuwa amevuka arobaini, hajawahi kuolewa, na mimi tangu tupakane sikuwahi kumsikia akiimba.

Kwetu mwanamke hajiozeshi. Baba akiwa amefariki, kaka ndiye walii, na bila yeye kutamka hakuna ndoa. Uthmani akaenda kwa Hussein na heshima zake zote. Hussein alimkaribisha, akamnywesha chai, akampa jibu ambalo Uthmani alikuja kunirudia neno kwa neno.

"Bon, we iko mutu muzuri, mi sina shida na we. Lakini huyu dada akitoka leo, ile nyumba inabakia na nani? Watu wanarudi kila siku toka Tanzania, wanatafuta mahali. Wakikuta mulango wazi, tumekwisha. Yeye njo kufuli ya sisi wote. Tungoje kwanza wasia ya mzee ionekane, tugawanye. Kisha mi mwenyewe nitamuozesha."

Ni kweli kulikuwa na maneno ya wasia. Baba yao kabla ya kufa alisema Mzee Saidi aliandika kitu juu ya nyumba. Hakuna aliyewahi kukiona. Na Hussein hakukitafuta, akitafute cha nini? Kufuli lake halikumgharimu hata chakula. Nilimwambia Zuena aende msikitini amshtaki. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo barabarani.

"Mi siwezi kumusimamisha kaka yangu mbele ya watu," alisema.

"Basi utakufa hapo na mabeseni yako," nikamjibu. Nilikuwa na hasira. Aliondoka, na kwa siku kadhaa hakunisalimia.

Uthmani alingoja. Alingoja mwaka, akangoja mwingine. Asubuhi moja Zuena alikuja na sanduku la bati la baba yake, akalifungua miguuni pangu. Ndani mlikuwa na hati ya kiwanja ya wakati wa Wabelgiji, imeliwa pembeni na mende. Pana jina la Saidi, mhuri, na alama ya dole gumba. Dole hilo lilinichoma roho. Mzee wa watu alijua kuandika vizuri kwa herufi za Kiarabu, lakini wakubwa wale hawakuzitambua, wakamfanya abonyeze kidole kama asiyejua kalamu. Nyuma palikuwa na maneno ya Kifaransa. Mwalimu wa shule ya msingi alitusomea kwamba mwenye hati hii ana kiwanja kingine Muyinga.

"Mi nakwenda Muyinga," Zuena akasema. Hakuwa amelala nje ya nyumba ile tangu vita.

Alimwachia nyumba Shakila. Shakila ni binti wa marehemu kaka yao mwingine, aliyekulia Kigoma. Alikuwa amerudi mwaka mmoja kabla, ameachwa, na watoto wawili, na Zuena akampa chumba cha nyuma ambacho matone yake ni machache. Ni mwoga yule binti. Akisalimiwa kwa sauti anaruka. Mume alimpiga mpaka sikio moja likawa halisikii.

Huko Muyinga, katika ofisi ya ardhi, Zuena alionyeshwa hati ya kiwanja cha pili. Mjane wa Saidi alikuwa amekiuza siku nyingi, akarudi kwao, Gasorwe. Uthmani alimsindikiza mpaka njia panda ya kuingilia kilimani, akasimama hapo, akasema si vizuri mwanamke afike kwa watu akiwa na mwanamume asiye wake. Zuena akapanda kilima peke yake akiuliza nyumba hadi nyumba.

Aliyempata ni Anisia, binti wa Mzee Saidi kwa yule mke wa Muyinga. Baba alikufa Anisia akiwa mdogo, mama akamrudisha kilimani, akabatizwa, akaolewa na mkulima mwenzake aitwaye Ignasi. Wakati wa vita walikimbilia Tanzania, wakakaa kambini miaka, wakarudi kuanza upya kwa jembe. Zuena alipojieleza kwamba ni mjukuu wa Saidi, Anisia alimshika mashavu kwa mikono yenye udongo, akaanza kulia. Hakuwahi kuona ndugu yeyote wa upande wa baba.

Karatasi aliyoiacha Mzee Saidi ilikuwa ndani ya kitambaa, pamoja na rozari yake na picha ya ndoa.

"Hii nimekwenda nayo kambini na nimerudi nayo," alisema. "Watu walibeba masufuria, mimi nikabeba na hii. Sijui inasema nini, mwanangu. Najua tu ni mkono wa baba."

Zuena alisoma chuo cha Kurani utotoni, herufi zile za Kiarabu anazijua. Alisoma polepole kwa sauti, Anisia akisikiliza:

"Mimi Saidi, fundi wa nguo, nimeiweka nyumba yangu ya Kitega kuwa wakfu. Isiuzwe, isigawanywe. Watakaa humo mabinti wa ukoo wangu wasio na waume: aliyeachwa, aliyefiwa, na ambaye hajaolewa. Akiolewa, atoke ampishe mwenziwe. Pasipobaki binti wa namna hiyo, hapo nyumba irudi kwa warithi wangu wa kiume."

Zuena aliikunja karatasi. Kisha Anisia akacheka kidogo, akamtazama Ignasi aliyekuwa akipukuchua maharagwe uani. "Mimi hainihusu, mimi nina huyu," akasema. Halafu akaeleza alichokisikia kwa mama yake. Mzee Saidi alikuwa na dada, aliachwa na mumewe kule Ujiji. Alipofika kwao, kaka zake walikuwa wamekwisha gawana nyumba ya baba, Saidi naye akiwa na chumba chake. Dada alizunguka na mkeka kutoka kwa kaka huyu hadi kwa huyu, kila mmoja akimwambia aende kwa mwenzake, mpaka akafa kwenye jiko la watu baki.

Zuena alirudi Gitega na karatasi ile kifuani. Aliniambia yote, akicheka na kulia pamoja. Alikuwa ametoka kwenda kutafuta njia ya kutokea, na mzee aliyemtafuta alikuwa amemwekea pa kukaa. Nyumba ilikuwa haki yake, tena kabla ya kaka zake wote, maadamu hana mume.

"Mi sitaki nyumba," alisema. "Sasa urithi haiko. Kaka atangoja nini tena? Ataniachilia."

Hussein alipopita Ijumaa, alimsomea papo hapo sebuleni, mimi nikiwepo. Mwanzoni uso ulimkunjamana, kwa sababu mtu aliyezoea kujiita mwenye nyumba haambiwi hivihivi kuwa hana kitu. Kisha akaomba arudiwe maneno ya mwisho. Akarudiwa. Akaomba tena. Akasema karatasi ya thamani namna hiyo haifai kukaa katika nyumba inayovuja, bora aihifadhi yeye. Akanyoosha mkono. Nilimkanyaga Zuena mguu chini ya meza, lakini alikwisha kuitoa. Alimpa bila neno, kama alivyompa kila kitu maishani.

Haikupita wiki, Hussein akaja na kilo mbili za nyama na uso wa sikukuu.

"Dada, umri inaenda," alisema. "Uthmani amengoja vya kutosha. Tupange ndoa mbio mbio."

Nikapiga vigelegele nikiwa kwangu, mpumbavu mimi. Kesho yake Shakila akaja kwenye karai langu.

"Mama jirani, baba mkubwa amempigia simu yule mume aliyeniacha," alisema. "Anakuja kunichukua. Ameniambia harusi ya shangazi ikiisha, nifungashe, kwa sababu mimi si wa kuachiwa nyumba."

Hapo ndipo nilipoelewa zile kilo mbili za nyama. Mabinti wasio na waume katika nyumba ile walikuwa wawili. Mmoja aolewe, mwingine arudishwe kwa anayempiga, na nyumba inakuwa ya wanaume. Hussein aliyemfungia dada yake ndani miaka yote sasa alikuwa anamsukuma nje kwa mikono miwili.

Zuena hakula siku ile. Nilimkuta ameketi katikati ya mabeseni, mvua inapiga.

"Kama mi nabakia, nabakia mupaka nakufa," alisema. "Kama natoka, huyu mutoto anarudishwa kwa ule mutu. Na karatasi nilimupa kaka, sina hata ya kuonyesha. Sasa mi nipite wapi?"

Nilimwambia atoke, kila mtu abebe mzigo wake, amekwisha beba wa kutosha. Nilikuwa nasema kweli, na hata sasa sioni aibu kuwa nilisema. Yeye alitikisa kichwa tu. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu mpaka nikaunguza karai zima la sambusa. Ukutani sikusikia tena wimbo. Nilisikia mtu ananong'ona maneno yaleyale, anayarudia na kuyarudia, nikadhani anasoma nyiradi.

Siku ya ndoa mvua haikutuonea haya. Wanawake tulijaa sebuleni tumevaa tulivyonavyo vizuri, tumeketi kwenye mikeka kwa kukwepa mabeseni, na kila baada ya muda mtu anakwenda kumwaga. Zuena alikuwa kwenye kona kavu, amefunikwa kanga mpya, mikono ina hina. Wanaume walikuwa kwangu upande wa pili, pamoja na sheikh na Uthmani.

Kwetu kabla ya ndoa kusomwa, walii na mashahidi wawili huingia kumuuliza bibi harusi. Aliyewahi kuolewa ni lazima ajibu kwa mdomo. Ambaye hajaolewa, akinyamaza inahesabiwa amekubali, kwa sababu anaona haya. Mashahidi walikuwa Saidi mwuza kahawa, mwenye jina moja na marehemu, na mzee mmoja wa msikitini ambaye akisikia jambo leo, kesho mtaa mzima unalo.

Hussein alisimama mbele ya dada yake, amenukia udi.

"Zuena, nakuozesha kwa Uthmani, kwa mahari mutakayosikilizana. Umekubali?"

Zuena aliinamisha kichwa, kama siku ile walipofunga mizigo kwenda Kigoma. Hussein hakungoja hata apumue. Aligeuka kwa mashahidi. "Amenyamaza. Amekubali. Twende."

"Sijanyamaza," Zuena akasema.

Sote tuligeuka. Alikuwa amefunua uso.

"Mi niko na maneno, na nataka mashahidi wasikie." Akaanza. "Mimi Saidi, fundi wa nguo, nimeiweka nyumba yangu ya Kitega kuwa wakfu..." Aliyasema yote, bila kuruka hata moja, mpaka akafika kwenye aliyeachwa, akamnyooshea Shakila mkono. Ndipo nikajua alichokuwa ananong'ona ukutani. Alipomaliza, yule mzee wa msikitini alimgeukia Hussein, akamwuliza kama karatasi ya maneno hayo ipo.

 "Iko," Hussein akasema. "Iko kwangu."

"Basi kesho utaileta msikitini tuisome," mzee akasema.

"Na mahari?" akauliza Saidi mwuza kahawa, ambaye nadhani alikuwa anataka yaishe akanywe chai.

"Mahari yangu ni mabati," Zuena akasema. "Mabati ya nyumba hii, yote mapya. Yapigiliwe mbele ya mutaa, kabla mi sijavuka kizingiti. Yakisha kupigiliwa ni mali yangu, na mi nampa Shakila. Mutu akitaka kumutoa humu, kwanza aongee na mimi."

Nimeeleza kwetu kupigilia bati ni nini. Kila aliyekuwamo sebuleni alielewa, na Hussein alielewa kuliko wote. Mahari ni ya mwanamke, walii hana la kuongeza wala kupunguza. Akivunja ndoa, Zuena anabaki ndani, na wakfu ni wake. Alitoka nje bila kunitazama. Walipompa Uthmani habari, tulisikia ukutani anacheka kwa nguvu. "Mi nilifikiri atataka dhahabu!" alisema. "Mabati tu? Nimekubali, sheikh, soma."

Ndoa ikasomwa, na kesho yake karatasi nayo ikasomwa msikitini. Bibi harusi akabaki kwake kungoja paa, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuona, na watu walitutania sana. Mume wa Shakila alifika kutoka Kigoma, akakuta mafundi wako juu wanang'oa mabati na umati chini unatazama. Aliuliza mambo mawili matatu, akaondoka siku hiyohiyo.

Walimaliza alasiri moja, gari la Muyinga likiwa linangoja. Mvua ilianza kunyesha mafundi wakikusanya misumari. Zuena aliingia ndani, nami nikamfuata. Alisimama katikati ya sebule akitazama juu. Mvua ilipiga kelele juu ya mabati mapya, na chini pakavu kabisa. Aliyageuza mabeseni yote yakatazama sakafu, akayapanga ukutani. Miaka yote ile hakuwahi kulala humo pakiwa pakavu, na kwa maneno ya babu yake hakuwa tena na ruhusa ya kulala hata mara moja. Alilia waziwazi, nami nikalia naye.

Shakila alikuwa amesimama mlangoni, watoto wamemshika sketi. Zuena alimpa ufunguo. Binti aliutazama kiganjani, akautazama mlango, na nikaona hofu ya pili inamwingia usoni, si ile ya mume.

"Shangazi," akasema, "na mimi siku moja nitatokaje?"

Zuena alikuwa amekwisha vuka kizingiti. Alirudi hatua moja, akamwinamia upande wa sikio linalosikia.

"Kwa mudomo," akamwambia. "Mi nilinyamaza, njo maana nilikawia."